Shule tatu, mtoto mmoja, na basi la alfajiri

Mimi nauza vifaa vya bomba Kariakoo. Koki ya shaba na koki iliyopakwa rangi ya shaba ukiziweka mezani zinafanana. Ukiinyanyua moja moja ndipo mkono unakuambia. Kwa hiyo Novemba 2024, nilipoanza kumtafutia Ilham shule ya darasa la kwanza, nilijiapiza sinunui kwa macho.

Tunakaa Goba. Shule ya serikali ipo mtaa wa pili, haina ada, na mpwa wangu anasoma pale. Walimu wake nawaheshimu, lakini darasani kwao wako mia moja na kumi na wawili, na daftari linaweza kumaliza wiki mbili bila kuguswa na kalamu nyekundu. Baba Ilham, ambaye muda mwingi yuko na lori njia ya Tunduma, akasema tujibane. Tukakubaliana milioni mbili kwa mwaka, kila kitu humo humo. Hiyo "kila kitu" ndiyo iliyotutoa jasho.

Shule ya kwanza iko kando ya barabara ya Bagamoyo. Ghorofa, bwawa la kuogelea, dada wa mapokezi ananukia kama harusi. Ada 1,850,000. Nikashusha pumzi, nikalipa fomu 30,000 isiyorudishwa. Kumbe mambo yako ukurasa wa nyuma: usafiri 700,000, chakula 480,000, sare pea tatu lazima ununue kwao, sweta mbili (sweta, Dar es Salaam!), mchango wa maendeleo, kompyuta, rimu za karatasi, mahafali. Nikajumlisha kwenye simu palepale nimesimama: milioni tatu na laki nne na ushee.

Getini kuna bango kubwa, darasa la saba wote wamepata A. Kwanza, mwanangu hata darasa la saba halitamhusu, maana kwa mtaala mpya atamalizia la sita. Pili, mimi ni mtu wa stoo, nikiona mzigo umefika nauliza ulikuwa kiasi gani ulipotoka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yao, mtu yeyote anafungua. Nikatafuta waliofanya mtihani wa darasa la nne 2021: watoto 61. Waliofanya la saba 2024: watoto 38. Nikapiga simu kuuliza wale 23 wamekwenda wapi. "Wengine walihama, mama." Sawa, watu huhama. Ila jirani yangu Mama Junior aliniambia mwanawe alipokuwa la sita aliitwa ofisini, akaambiwa amtafutie shule "itakayomfaa zaidi". Junior alikuwa na wastani wa C. Hizo A zote za bangoni ndivyo zinavyopatikana, kwa kuchambua mchele kabla ya kupika.

Na hata wangenipa bure, kuna basi. Linapita kwetu saa kumi na moja na robo alfajiri, linazunguka Madale na Tegeta kukusanya wengine, halafu ndiyo liende shuleni. Mimi huwa natoka muda huo kuwahi duka, kwa hiyo nawaona pale kituoni. Kuna kijana mmoja, hajafika hata miaka saba, anatafuna chapati huku amefumba macho. Dada wa kwao anamshika begi kwa nyuma asianguke. Jioni namkuta anashuka, jua limeshazama.

Shule ya pili, upande wa Kimara, sitaisema sana. Nafuu, mkuu wa shule mcheshi, maneno asali. Wakati ananitembeza nikamuona mtoto amevaa kipande cha mbao shingoni kwa kamba ya katani. Alikuwa ameongea Kiswahili, na atakivaa mpaka amkamate mwenzake. Kiingereza ninakitaka, ndicho ninacholipia, lakini Ilham ana bibi Tanga ambaye hajui neno hata moja la Kiingereza, na sitaki siku moja aone haya kumuamkia. Mkuu alipopokea simu nikafunua daftari juu ya dawati: 8 + 5 = 14, na vema kubwa nyekundu. Nikaaga.

Ya tatu iko hapa hapa Goba, dakika kumi kwa mguu. Nilikwenda Jumatano saa nane mchana bila kuwapa taarifa. Mlinzi, mzee wa makamo, aliitikia shikamoo yangu vizuri kisha akagoma kufungua mpaka mwalimu aje mwenyewe. Nikasimama juani, na nikampenda kwa hilo. Ndani rangi inabanduka. Niliomba kuona choo kabla ya darasa: maji yapo, sabuni ya mche imefungwa kwa wavu wa vitunguu, milango inafungika kwa ndani. Kwenye daftari la mtoto aliyekosa kutoa, mwalimu alikuwa ameandika "rudia kwa vijiti", na chini yake mtoto amechora vijiti kumi na tatu, akavikata vitano, akapata nane.

Ada 1,300,000 kwa awamu nne, uji na chakula cha mchana ndani. Sare nilishonesha kwa fundi wangu.

Huu ni muhula wa pili, na mabaya yapo. Uwanja hawana, masika ile Ilham alirudi kila siku na soksi za tope. Kompyuta zimefunikwa vitambaa kama maiti, sijui zinasubiri nini. Kazi za nyumbani zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp saa mbili usiku, mtoto ameshalala. Kiingereza cha mwalimu wake nacho kina Kisukuma ndani yake, kitu ambacho Baba Ilham anakilalamikia kwenye simu kutoka Tunduma, mimi hakinisumbui. Mwezi wa tano wakadai 50,000 ya tenki la maji ambayo haikuwemo kwenye fomu. Nilichukia, maana bei za matenki nazijua.

Ilham anaamka saa kumi na mbili, anakunywa chai amekaa. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Jumatatu napeleka awamu ya tatu, na risiti ya tenki bado nawadai.