Maji ya bomba yana nyuzi 29, ununue dawa gani ya kusafishia mkanda wa picha nyeusi na nyeupe?

Mtu akishapata kamera ya zamani na mikanda miwili ya HP5 (mkanda wa picha nyeusi na nyeupe wa Ilford), swali linalofuata ni lile lile, ninunue dawa gani ya kusafishia. Ushauri mwingi unatoka kwa watu wa nchi za baridi, nyuzi 20, joto ambalo muda wa dawa unatajwa kwalo, wanazipata bombani bila jasho. Mimi niko Dar, mwezi wa pili maji yangu yanasoma 29 au 30, kwa hiyo dawa hizi nimezipanga kwa vitu viwili, mkanda ulionao na joto la maji yako, na hicho cha pili ndo watu wanakisahau.

Namba moja kwangu ni D-76 ya Kodak au ID-11 ya Ilford, chukua unayoipata maana kiutendaji ni dawa moja. D-76 ipo tangu 1927 na mpaka leo inaelewana na karibu kila mkanda, HP5 Plus, Tri-X, FP4 Plus, Fomapan, Kentmere. Halafu ni poda, kwahiyo mtu anayetoka nje anakubebea kirahisi kuliko chupa. Itumie 1+1, yaani nusu dawa nusu maji, ukimaliza mwaga. Sababu ni muda. HP5 kwenye ID-11 1+1 ni dakika 13 kwa nyuzi 20, mimi naelesha chupa za maji zilizoganda kwenye beseni mpaka dawa ishuke 24, hapo muda unakuwa kama dakika 9 na bado una nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Ukiitumia bila kuizimua ni dakika 7 na nusu kwa 20, kwa 24 unakaribia 5, na chini ya dakika 5 dawa inaweza kushika upande mmoja kabla ya mwingine, anga inatoka na mawimbi.

Nina negativu moja ya mzee amekaa barazani saa sita mchana, kanzu nyeupe imepigwa jua, uso uko kivulini. Ukiishika dirishani kanzu ni nyeusi tii lakini haijaziba, darizi ya shingoni unaifuata uzi kwa uzi, na usoni mikunjo ya pembeni mwa macho ipo yote. Hiyo ni ID-11 1+1, mkanda wa 400 (namba ya ISO, wepesi wake wa kupokea mwanga) nimeupiga kama 200 ili kivuli kipate mwanga wa kutosha, halafu kwenye dawa nikapunguza dakika moja na nusu ili kanzu isiungue. Kwa jua letu na ngozi zetu huo ndo mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote.

Namba mbili HC-110, hii ni ya anayesafisha mkanda mmoja kwa mwezi, chupa inakaa muda mrefu bila kuharibika. Ila kipimo kinachotajwa sana, 1+31 (dawa sehemu moja, maji sehemu 31), HP5 inaiva dakika 5 tu kwa nyuzi 20, kwa joto letu hapana. Zimua 1+63, muda anza na mara mbili halafu rekebisha, tangi la ml 500 linataka kama ml 8, pima kwa sirinji ya duka la dawa.

Tatu XTOL. Kama unapiga mikanda ya T-Max au Delta ipandishe iwe ya kwanza, chembe (vile vidoadoa vya picha) ni laini na vivuli vinabaki, na poda yake inayeyuka kwenye maji ya kawaida bila kuchemsha. Shida pakiti ni ya lita 5, na ikifa haibadiliki rangi, kwahiyo kila mara kata kipande cha mwanzo wa mkanda, kitumbukize taa zikiwaka, kisipogeuka cheusi usiweke picha za mtu humo.

Rodinal naiweka ya nne najua wengi mtakataa. Ni dawa ya 1891, chupa iliyofunguliwa inaishi miaka, na kwa FP4 Plus, Pan F Plus au Fomapan 100 kwa 1+50 ukali wake ni mtamu kweli. Lakini wengi wetu tunanunua mikanda ya 400, na huko chembe zinatoka kama mchanga, uso wa mtoto unaonekana umechoka.

Microphen na DD-X ni za harusi za usiku, HP5 ukiipiga 1600. Kama hupigi usiku zipite.

Na pesa ya kwanza itoke kwenye kipimajoto, cha jikoni cha dijitali kinatosha. Kitumbukize ndani ya dawa yenyewe, sio kwenye beseni, maana beseni linaweza kusoma 24 wakati dawa bado iko 27.