Silanti kwanza au waksi? Cha kununua kama gari yako inalala Unguja au Pemba

Mtu kaagiza IST yake Japani, imeshuka bandarini Malindi, Unguja, inang'ara, wiki ya pili anakuja kuniuliza anunue waksi gani, na kuna mtu kamwambia apake silanti kabla, sasa je ni lazima? Mie nasema hivi: silanti ndo ulinzi, waksi ni urembo. Ukitaka vyote viwili silanti inakaa chini waksi inakaa juu, na kama pesa inatosha kitu kimoja nunua silanti, waksi iache.

Silanti ni polima, yaani kemikali za kiwandani, zinashika kwenye kliakoti yenyewe, ile koti ya juu isiyo na rangi, na zinataka rangi iwe tupu, isiwe na mafuta. Waksi ya karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazil, inatanda juu tu, kwa hiyo ukianza nayo silanti inakosa pa kushika. Nilifanya kosa hilo kwenye Noah yangu, waksi jioni, silanti asubuhi, na baada ya wiki mbili maji kwenye boneti yalikuwa yanatandaa tu kama kwenye sinia, wakati gari iliyopakwa sawasawa maji yanajikusanya vidonge vidonge kama kwenye jani la jimbi. Ikabidi nikoshe yote nianze upya.

Namba moja kwangu ni silanti ya chupa au ya kopo. Menzerna Power Lock ya Ujerumani nzuri sana, na kuna Soft99 Fusso Coat ya Japani, kopo la gramu 200, ila angalia vizuri kabla hujalipa mana kuna ya gari za rangi nyeupe na ya gari za rangi nyeusi. Kopo limeandikwa miezi 12, lakini gari inayolala nje Paje au Nungwi na upepo wa chumvi usiku kucha, mie nahesabu nusu yake. Usiogope bei ya chupa, gari ndogo inakula kama mililita 30 kwa mpako mmoja, chupa ya mililita 473 utapaka mara 15, fanya hesabu mwenyewe.

Namba mbili, silanti na waksi juu yake. Hii kwa wenye gari nyeusi, buluu iliyoiva au nyekundu, mana waksi inaipa rangi ule mng'ao wa maji maji. Harusi ikiwa karibu na gari ndo itambeba bi harusi, fanya hivi. Lakini subiri silanti ikauke masaa 12 hadi 24 ndo upake waksi, na usiku huo gari isipate mvua wala umande, iegeshe bandani.

Asotaka kazi mara mbili achukue Collinite 845, ya Marekani, ndani mna karnauba na polima pamoja. Nchi za baridi inaganda chupani mpaka waiweke kwenye maji ya moto, huku kwetu inamiminika vizuri. Hiyo namba tatu. Nne ni silanti ya kupuliza, rahisi, dakika 20 umemaliza, ila baada ya mwezi au miwili ishakwisha, mie naitumia kuongezea tu juu ya ile ya chupa.

Waksi peke yake naiweka mwisho, na watu wananikasirikia kwa hilo. Inapendeza siku ya kwanza, sikatai, ila kwa jua letu haidumu, na mavi ya kunguru yakikaukia juu ya boneti yanaifika rangi haraka. Na silanti nayo haikuondolei kazi hiyo, inakupa muda tu, ukiona yamedondoka yaloweshe kwa maji uyafute siku hiyo hiyo.

Seramiki, ile dawa inayoganda ngumu juu ya rangi, siipangi humu. Inakaa miaka, ila rangi inatakiwa isuguliwe kwanza kwa kampaundi, ile dawa ya kuondoa mikwaruzo, mana kila mkwaruzo utaufungia ndani, hiyo kazi ya fundi na pesa yake nyengine. Na tafadhali usikubali mtu akupakie dizeli au ile mafuta ya dashibodi juu ya bodi, inang'ara siku moja halafu vumbi lote la barabara linaganda pale.

Pesa nyengine weka kwenye vitambaa vitatu vya maikrofaiba na klei ya kusafishia rangi. Kosha gari, ikauke, vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi halafu pitisha vidole juu ya boneti. Ukisikia mparuzo kama msasa, kuna uchafu umeng'ang'ania, piga klei kwanza, la sivyo unaufunika tu. Mara ya mwisho suuza kwa maji ya mfereji kama unayo, ya kisima yenye chumvi yakikauka yanaacha madoa meupe, na paka kivulini bati likiwa limepoa.

Mie napaka mwisho wa Februari kabla masika hayajaingia, halafu tena Septemba kabla ya vuli, na dari na boneti nazipa mpako wa pili kesho yake, mana hizo ndo zinazolipokea jua lote.