Kemu 264 ama 288 kwa 4A-GE? Angalia hedi kwanza

Haya watu wangu wa Nakuru na wa huko magharibi, leo mezani niko na kemu (shafti za kufungua valvu) seti mbili za 4A-GE, ile injini ya Toyota, hii ya digrii 264 na hii ya 288, digrii ni vile valvu inakaa wazi muda gani, na hapa kando ni hedi (kichwa cha injini) ya smolpoti, ile ya tundu ndogo za hewa. Nimefunga seti zote mbili kwa hii hedi nikaendesha, na nawaambia mapema, chukueni 264, hiyo ingine ni ya mtu anajenga gari ya resi peke yake.

Kemu ya kawaida ya Toyota, ile ya valvu 16, iko na digrii 240. Sasa ukiruka mpaka 288, valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, pistoni ishaanza kupanda na hewa inasukumwa nyuma kwa manifoldi, kwa revu za chini unakosa kompresheni, gari inakuwa nzito na ukisimama inatetemeka. Halafu kumbuka Nakuru tuko kama mita 1,850 juu, presha ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, yaani injini ishakosa pumzi kabla hujaigusa na wewe bado unaiwekea kemu ya kutema hiyo kidogo imebaki! Panda nayo Mau Summit uone vile utashusha gia.

Kuna wenye huniambia basi weka hedi ya bigpoti, ile ya tundu kubwa. Ni kweli tundu kubwa na kemu kubwa zinaelewana, lakini zinaelewana huko juu kwa revu elfu 6 kwenda mbele, na wewe ukienda Kericho uko kwa 3,000. Toyota wenyewe waliona hii shida, bigpoti ikaja na TVIS, mfumo wa kufunga njia za hewa, kila silinda inafungiwa njia moja kati ya mbili mpaka revu kama 4,400. Baadaye kwa smolpoti wakapunguza tundu zenyewe, TVIS wakatoa, kompresheni ikapanda hadi 10.3 kwa 1. Hewa inaingia kwa kasi hata ukienda polepole, na hapo ndio 264 inakaa vizuri kabisa, inavuta kuanzia chini na juu bado iko.

Kitu ingine, tafadhali msipuuze hii, shimu za hizi hedi, vile visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu, zinakaa juu ya kikombe chenye kemu inasukuma. Lifti, yaani vile kemu inafungua valvu umbali gani, ikipita milimita 8 na kitu, kemu inaweza kurusha shimu kwa revu za juu na hedi imeenda, kwa hivyo weka vikombe vya shimu ya chini, na springi mpya. Weka plastisini juu ya pistoni, zungusha injini na mkono, ufungue upime nafasi kati ya valvu na pistoni, mimi nataka nione milimita 2 kwa intek (valvu ya kuingiza) na 2.5 kwa egzosi (ya kutoa).

Wa Kisumu mliouliza 272, nyinyi mko chini, kama mita 1,130, hewa mnayo kuliko sisi. Kama hedi ni smolpoti na kompresheni bado iko sawa, fungeni tu, lakini na gia za kemu za kurekebisha.