Walitupeleka Taj Mahal siku ya Ijumaa

Mume wangu kanishauri nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Nimesubiri. Tuliondoka kipindi kile cha baridi yao India, tukarudi, mvua za masika zimenyesha zimekatika, na hasira ziko palepale. Kwa hiyo wakala wetu wa safari nampa nyota moja. Ingekuwepo nusu, wangepata nusu.

Taj Mahal, lile kaburi jeupe la kifalme mjini Agra, inafungwa Ijumaa. Kila Ijumaa, mwaka mzima, tangu zamani. Siyo siri ya serikali. Mwanangu wa miaka tisa aliipata kwenye simu kabla hata sijamaliza kufoka. Lakini wakala wetu wa safari, ambaye kazi yake ni hiyohiyo, mwenye picha ya Taj Mahal ofisini kwake kubwa kama mlango wa geti, alituandikia kwenye ratiba yenye muhuri: siku ya saba, Ijumaa, Agra, kutembelea Taj Mahal. Na Jumatano alituandikia nini? "Siku huru ya manunuzi." Jumatano kutwa nzima tuko Delhi tunapigwa na baridi, tunazunguka madukani kumtafutia mama soksi nzito, na Taj iko wazi, mwendo wa saa tatu na kitu kwa gari. Mpaka leo nikiziona zile soksi kwenye kamba napandwa na presha.

Ili mnielewe, lazima niwaambie safari ilikuwa ya nani. Kwetu kila mtu ana nchi yake ya ndoto. Mwanangu anataka Japani, akapande treni ziendazo kasi. Mdogo wangu hachoki kunionyesha picha za Samarkand kule Uzbekistan, yale majengo ya vigae vya buluu. Mimi sina uchaguzi, nataka popote ambapo vyombo ataosha mtu mwingine. Mama yeye ni Taj Mahal, hajawahi kubadilisha. Ilianza enzi za Drive-in ya Msasani, Dar es Salaam, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Marehemu baba alikuwa anaazima Peugeot ya kaka yake, wanaegesha mbele ya skrini, spika inaning'inizwa dirishani, wanaangalia filamu ya Kihindi na karanga zao za kukaanga mpaka usiku mwingi. Kila jengo jeupe likitokea kwenye nyimbo, baba anamwambia, hapo nitakupeleka. Baba hakumfikisha hata Unguja, Mungu amrehemu. Basi watoto tukachanga, vikoba vya miaka miwili, tukasema sasa mama anakwenda.

Tulikuwa watano: mama, mimi na mume wangu, mdogo wangu, na mtoto. Siku sita za mwanzo sina neno. Tuliuona Msikiti wa Ijumaa wa Delhi, ule aliojenga mfalme Shah Jahan, huyuhuyu aliyejenga Taj, na mama alipanda zile ngazi zote bila kushikwa mkono. Jaipur tulikula mpaka tukaogopana. Nayapitia haraka kwa sababu siyo yaliyonileta hapa.

Ijumaa tukatoka Delhi alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori lililo mbele yetu unaliona taa tu. Ile barabara ya kulipia, Yamuna Expressway, imenyooka kilomita 165, na mama alikuwa kavaa dera jipya chini ya koti, kapaka na hina kabisa, kama anakwenda kwenye harusi. Katikati tukasimama kunywa chai. Dereva wetu, mzee mmoja mpole aliyekuwa haongei sana, akamwangalia mama, akaangalia hina, akasema kitu kwa Kihindi. Mimi nilidhani anamsifia. Mama akaweka kikombe chini.

"Kasema leo jumma," mama akaniambia. "Kasema *band*."

Mama hajasoma Kihindi popote. Anakijua kwa filamu tu. Na *band* anaijua vizuri, maana kwenye filamu mlango ukifungwa usoni pa msichana neno ni hilohilo. Imefungwa.

Nikasema hapana mama, umesikia vibaya. Nikatoa ratiba, nikamwonyesha dereva, muhuri ule pale. Akatikisa kichwa kwa ile namna yao ambayo hujui ni ndiyo au hapana. Kumbe alikuwa anasikitika tu. Yeye anaambiwa aende wapi, anakwenda.

Agra tukapokelewa na mwongoza watalii, kijana mwenye miwani ya jua kwenye ukungu. Nikamuuliza hata kabla ya salamu: iko wazi au haiko wazi? Akasema hakuna shida madam, tutaiona kwa nje. Kwa nje! Nikamwambia mwanangu ziba masikio.

Magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea mpaka mlangoni, kwa sababu moshi unaharibu yale marumaru, kwa hiyo unashushwa mbali upande wa lango la mashariki, halafu vigari vya umeme vinakumalizia. Siku hiyo vigari vilikuwa vimelala. Tukatembea. Lango limefungwa, polisi wamekaa, na mbuzi mmoja. Juu ya ukuta unaona ncha ya kuba. Ncha tu, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia akasahau kilemba.

Mume wangu akapata wazo. Ndani ya uwanja wa Taj, upande wa magharibi, kuna msikiti, na mchana wa Ijumaa wanafungua kwa ajili ya swala. Akasema sisi si Waislamu? Tuna udhu, tunaswali, tunatoka. Akaenda kwa heshima zote na kanzu yake. Polisi akamuuliza kitambulisho, si pasipoti, kitambulisho cha mkazi wa Agra. Wanaoruhusiwa kuswali pale Ijumaa ni wenyeji wa Agra pekee, na kesi hiyo ilishafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yao mwaka 2018, ikaamuliwa hivyohivyo. Mume wangu akarudi. Hakusema kitu, alikaa tu kwenye ukingo wa barabara akavua kofia.

Hapo kwenye ukingo ndipo nilimpigia wakala. Hakupokea. Nikaandika. Baadaye kidogo ukaja ujumbe wa sauti, sekunde kumi na kitu, nyuma yake unasikia watu wanacheka ofisini. Nitaunukuu maana nimeusikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote mwaka huu: "Dada pole, ila si mmeiona lakini?"

Si mmeiona lakini.

Kukosea kila mtu anakosea. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka mtoto shule siku ya Idi. Angeniambia dada nimekosa, nimekuharibia, ningepiga kelele siku mbili yakaisha. Lakini "si mmeiona"! Mama yangu kakaa miaka hamsini anasubiri kuingia, wewe unamwambia kaona kuba juu ya ukuta na mbuzi, inatosha.

Na pesa. Walituambia tiketi ya Taj imo kwenye bei. Mgeni analipa rupia 1,100, na ukitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe unaongeza 200. Watu wazima wanne, mtoto wa umri ule bure. Hiyo ni rupia 5,200. Hazikununua tiketi, kwa sababu hakukuwa na tiketi ya kununua. Ziko wapi? Nimeuliza kwa simu, nimeuliza kwa maandishi, nimeuliza kwa mdomo nikiwa nimesimama chini ya ile picha yao. Wanasema "zimejumuishwa". Zimejumuishwa wapi?

Mwongoza watalii naye, kuona tumenyong'onyea, akatupeleka kutuliwaza kwenye karakana ya marumaru. Saa moja na nusu. Fundi anakuonyesha wanavyochonga jiwe na kupachika vipande vya akiki na lajiwardi, ile kazi ya ukutani kwenye Taj, halafu anazima taa, anamulika tochi, ua jekundu linawaka ndani ya jiwe jeupe. Ni kazi nzuri, sitasema uongo. Halafu ndiyo bei. Mwanangu akauliza kwa sauti: "Mbona hili duka halifungwi Ijumaa?" Hakuna aliyemjibu.

Sasa hapa ndipo maoni yangu yanapoanza kuniyumbisha, na ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Ngome ya Agra huwa wazi Ijumaa, tukaingia huko mchana, mimi nikiwa nimeshavimba. Ngome kubwa, mawe mekundu. Ndani kuna roshani ya marumaru yenye pembe nane, inatazama mto. Shah Jahan alimjengea Taj mkewe, Mumtaz Mahal, aliyekufa mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne. Mwaka 1658 mwanawe mwenyewe, Aurangzeb, akamfungia baba yake humo ngomeni, na mzee hakutoka tena mpaka alipokufa mwaka 1666. Miaka minane. Mama alimsikiliza yule kijana wa miwani mpaka mwisho, akasogea kwenye kizuizi. Ukungu ulikuwa umeshanyanyuka. Taj ilikuwa ng'ambo kule kwenye kona ya mto, ndogo, unaweza kuifunika kwa kiganja.

"Kumbe hata mwenyewe aliishia kuitazama kwa mbali," mama akasema.

Nikamwambia mama, usiwasaidie hawa watu. Akanitazama kama ambavyo hunitazama nikiungua wali.

Jioni, nje ya ratiba, yule dereva mzee akatuvusha mto. Hakuna aliyemtuma, na sidhani kama alilipwa. Kule ng'ambo kuna bustani, Mehtab Bagh, iko sawasawa nyuma ya Taj, katikati ni mto Yamuna tu, na Ijumaa haifungwi. Hapo hapakuwa na ukuta. Unaiona yote, kuanzia chini kabisa mpaka juu, na minara yake minne, na jua linazama upande wa kulia. Kwanza ilikuwa na rangi ya maziwa, halafu ikawa kama ganda la yai la kuku wa kienyeji, halafu ikafifia kijivu. Watu walikuwa wachache, maana wenzetu wote wenye mawakala wenye akili walikuja siku nyingine. Mama akakaa chini kwenye nyasi, na hina yake, na koti lake. Akaanza kuimba polepole wimbo wa Kihindi, wa filamu gani sijui. Alipofika ubeti wa pili akakosa maneno, akaendelea kwa kuguna. Dereva alikuwa kasimama nyuma yetu, akamalizia maneno yaliyobaki. Wakaimba wawili wale mpaka walinzi wakaja kusema muda umekwisha.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Nyota za dereva ni tano, lakini dereva si wao, wamemkodi. Viza zilitoka bila usumbufu, hilo nakiri. Begi la mdogo wangu lilipopotelea Mumbai walilifuatilia mpaka likaletwa hotelini, na nilishaandika nyota mbili hapa kwa ajili ya begi hilo. Kisha nikausikiliza tena ule ujumbe wa sauti. Nimefuta, nimerudi moja.

Tatizo langu kubwa sasa ni mama mwenyewe. Anawasifia! Msibani, kwenye vikoba, kwa jirani, anawaambia watu wale vijana wamempeleka India akaiona Taj Mahal bila msongamano. Pale sebuleni kuna kisahani cha marumaru chenye ua jekundu, wageni wakija anazima taa anakimulika kwa simu. Mimi nikifungua mdomo kueleza ya Ijumaa ananikata: "Huyu bado ana hasira." Wanacheka. Ofisi ile imeshapata wateja watatu kutoka mtaani kwetu, kwa mdomo wa mama yangu.

Na siku hizi Wahindi kawaacha. Kahamia kwenye tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, anajua masultani kwa majina na wake zao na nani kamwekea nani sumu. Anataka Istanbul. Nikamwambia sawa mama, lakini nitatafuta wakala mwingine. Akasema wakala yupo, kwani hawa wana nini, na kabla sijajipanga keshawatumia kianzio kwa simu.

Ratiba yao imefika juzi. Muhuri uleule. Nimeipitia mstari kwa mstari, na nilipofika siku ya nne nikavua miwani. Jumanne: kutembelea Kasri la Topkapi. Kasri la Topkapi linafungwa Jumanne.

Nikampelekea mama jikoni nikamsomea. Alikuwa anamenya ndizi, hakunyanyua hata kichwa.

"Basi," akasema, "tutaliona kwa nje."