Mvua ya Dodoma: utabiri wa TMA au programu ya simu?
Kwa kuamua lini upande mtama, TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wako mbele. Utabiri wao wa Msimu, Novemba hadi Aprili, hueleza mvua zitaanza lini na kama zitakuwa juu au chini ya wastani. Redio ya betri inatosha kuupata.

Simu ni ya leo na kesho: umeanika mlenda, uuanue au uuache? Ila inakula bando na chaji, na wingu letu huwa dogo. Desemba iliyopita, Chamwino, simu iliandika mvua saa tisa. Ikanyesha ng'ambo ya korongo, kwangu vumbi tupu.

Mkulima aanze na TMA. Fundi anayemwaga zege Ipagala, simu itamfaa zaidi, mradi aweke turubai karibu.