Civil Air Patrol: Tathmini kwa Mzazi Ambaye Mwanawe Anataka Kurusha Ndege

Kijana wa miaka 13 anayesema anataka kuwa rubani huwaweka wazazi wake katika wakati mgumu. Shule za urubani ni ghali, sheria za Marekani hazimruhusu kurusha ndege yenye injini akiwa peke yake kabla ya kutimiza miaka 16, na leseni ya rubani binafsi haipewi mtu aliye chini ya miaka 17. Kabla ya kufikia umri huo kuna miaka kadhaa ambayo hamu ya mtoto inaweza kukomaa au kunyauka. Mpango wa kadeti, yaani vijana wanafunzi, wa Civil Air Patrol, shirika la kujitolea la usafiri wa anga, umeundwa kwa ajili ya miaka hiyohiyo, na baada ya kuufuatilia kwa karibu kama mzazi, naona ni miongoni mwa huduma bora ambazo familia ya kipato cha kawaida inaweza kuzipata nchini Marekani, ilimradi ifahamu mapema kinachotolewa na kinachodaiwa.

Civil Air Patrol ilianzishwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita kabla ya Japani kuishambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, ili raia wenye ndege zao ndogo waweze kusaidia ulinzi wa nchi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani hao walizunguka juu ya pwani wakitafuta nyambizi za Wajerumani. Mwaka 1942 vijana walifunguliwa mlango, na mwaka 1948 shirika likawa msaidizi rasmi wa kiraia wa Jeshi la Anga. Hadi leo lina kazi tatu zinazokwenda pamoja, yaani uokoaji wakati wa maafa, elimu ya anga na malezi ya kadeti. Jambo hili lina maana kubwa kwa mzazi, kwa sababu ndege anayopanda mtoto siku ya Jumamosi ni ileile inayoweza kutumwa kutafuta ndege iliyopotea milimani au kupiga picha za eneo lililokumbwa na mafuriko, na mtu mzima anayeketi kando yake ni rubani anayejiandaa kwa kazi hizo bila kulipwa mshahara.

Kiini cha mpango, kwa mtoto anayependa ndege, ni safari za mafunzo ya awali. Kila kadeti aliye chini ya miaka 18 ana nafasi ya safari tano katika ndege yenye injini na tano katika ndege isiyo na injini, ile inayovutwa hadi juu kisha ikaachiwa ielee kwa nguvu ya hewa. Safari zote kumi ni bure. Zaidi ya hizo, kadeti anaweza kuketi kiti cha nyuma wakati mwenzake yuko mbele, naye akajifunza kwa kutazama na kusikiliza mazungumzo ya redio. Ndege zinazotumika zaidi ni Cessna 172 na Cessna 182, ambazo ni imara, zinajulikana na kila fundi, na mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo mtoto anaiona ardhi vizuri.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa safari zenyewe. Ya kwanza katika ndege yenye injini inahusu maandalizi ya chini, ambapo mtoto anaizunguka ndege pamoja na rubani akiwa na orodha ya ukaguzi mkononi, anapima mafuta, anatazama kama yamechanganyika na maji, anagusa mikia na mabawa, anaangalia matairi na propela. Safari inayofuata ni ya mienendo ya kawaida, yaani kupanda, kushuka, kugeuka na kwenda sawa bila kuyumba. Kisha huja mienendo migumu zaidi, halafu matumizi ya vifaa vya kupimia vilivyo mbele ya rubani, na mwisho hali ya hewa. Rubani ndiye anayepaa na kutua, lakini ndege inapokuwa angani na hali ni tulivu, kadeti hushika usukani na kufanya zoezi la siku hiyo kwa maelekezo yake. Kwa utaratibu huo mtoto hawi abiria anayebebwa kwenda kutazama mandhari. Anafundishwa tangu mwanzo kwamba kuruka ni kazi yenye hatua, na kwamba hatua nyingi hufanyika magurudumu yakiwa bado ardhini. Sijaona njia bora zaidi ya kumpima mtoto, kwa sababu anayependa picha ya rubani tu huchoka na orodha ya ukaguzi mapema, ilhali anayeipenda kazi hutaka aisome yeye safari ijayo.

Hata hivyo, safari hizo ni sehemu ndogo ya maisha ya kadeti. Sehemu kubwa ni mkutano wa kila wiki wa kikosi, ambao huchukua takriban saa mbili za jioni na hugawanywa kati ya uongozi, elimu ya anga, mazoezi ya viungo na malezi ya tabia. Katika elimu ya anga wanasoma kwa nini bawa linainua ndege, namna viwanja vya ndege vinavyopangwa, tabia za mawingu na upepo, roketi na safari za anga za juu. Ili kupanda cheo, kadeti hufanya mitihani, hupimwa mbio na mazoezi, na hushiriki kazi za kikosi. Na kati ya hatua moja na inayofuata lazima zipite wiki nane kwa uchache, kwa hiyo hakuna njia ya mkato hata kwa mtoto mwenye akili nyingi. Tuzo kuu zimepewa majina ya watu wa historia ya anga kama ndugu Wright, Billy Mitchell na Amelia Earhart. Anayefika tuzo ya Mitchell huwa ofisa wa kadeti, na akiamua baadaye kujiunga na Jeshi la Anga kama askari wa kawaida, huanza akiwa na cheo cha juu kuliko wenzake wapya.

Uongozi unafundishwa kwa vitendo. Kadeti wakubwa ndio wanaopanga gwaride, wanaofundisha masomo na wanaowasahihisha wadogo, huku watu wazima wakisimama kando na kuingilia inapobidi. Binti wa miaka 15 akisimama mbele ya vijana 20 na kuwaeleza mpango wa jioni bila kutetemeka, mzazi anaelewa kwamba anapata faida hata kama mtoto huyo hatakuwa rubani kamwe.

Sasa nizungumzie sare, kwa kuwa najua hapo ndipo wengi wetu, wazazi tuliohamia Marekani, husita. Kadeti huvaa mavazi yanayofanana na ya Jeshi la Anga, hupiga saluti na hujibu wakubwa wao kwa adabu ya kijeshi. Familia zilizotoka mashariki mwa Kongo, au Burundi ya miaka ya vita, zimewaona vijana waliovalishwa magwanda kwa sababu za kutisha, na hofu yao inastahili heshima. Ninachoweza kuwahakikishia ni kwamba kadeti si askari, hana mkataba wowote wa kujiunga na jeshi, na anaweza kuondoka wakati wowote. Mafunzo yamejengwa juu ya maadili ya uadilifu, kujitolea, ubora na heshima. Watu wazima wanaotaka kujiunga huchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa, na kuna kanuni za ulinzi wa watoto ambazo kila mmoja wao husomeshwa. Mzazi ana haki ya kuketi na kutazama, nami nawashauri wote waitumie.

Wengine huuliza kama watoto wetu wataonekana wageni humo. Willa Brown, mwanamke Mmarekani mweusi aliyepata leseni ya urubani mwaka 1938 na kuwafundisha marubani weusi huko Chicago, alikuwa ofisa wa Civil Air Patrol tangu mwaka 1942, wakati jeshi lenyewe lilikuwa bado linatenganisha watu kwa rangi. Mtoto wa kike wa Kiswahili anayeingia kikosini leo anafaa kuambiwa habari zake.

Masharti ya kuingia ni mepesi, ingawa lipo moja ambalo familia za wahamiaji zinapaswa kulitazama mapema. Kijana huanza kupokelewa akiwa na miaka 12 na lazima ajiunge kabla ya kutimiza 19, kisha anaweza kubaki kadeti hadi miaka 21. Lakini kwa kawaida anatakiwa awe raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani green card. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi huweza kuomba ukaazi huo baada ya mwaka mmoja nchini, hivyo mtoto asikatishwe tamaa. Ada ya mwaka hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na si kubwa ikilinganishwa na gharama ya saa moja tu katika shule ya urubani. Upo pia msaada wa sare na wa ada za kambi kwa familia zisizojiweza, na inafaa kuuomba bila aibu kwa sababu umewekwa kwa ajili hiyo.

Udhaifu wa mpango unatokana na chanzo kilekile cha uzuri wake, yaani kazi ya kujitolea. Ndege zipo zaidi ya 500 nchini kote, lakini hazipo katika kila kiwanja, na rubani aliyeidhinishwa kubeba kadeti ana kazi yake ya kuajiriwa na familia yake. Mawingu yakishuka au upepo ukizidi, safari huahirishwa, na uamuzi huo ni sahihi hata kama mtoto amelala na sare kitandani. Ndege zisizo na injini ni adimu zaidi, na katika baadhi ya maeneo lazima kusafiri mbali kuzifikia. Kijana anayejiunga akiwa na miaka 17 anaweza kufikisha 18 kabla ya kumaliza safari zake, kwa hiyo umri wa miaka 12 hadi 14 ndio ninaoupendekeza. Mzazi naye ajiandae kuendesha gari jioni za wiki na asubuhi za Jumamosi, jambo gumu kwa wenzetu wanaofanya zamu mbili.

Kwa kijana ambaye hataki gwaride wala vyeo, Young Eagles inafaa zaidi. Huo ni mpango wa Experimental Aircraft Association, chama cha wapenda ndege, ulioanza mwaka 1992, ambao marubani wa kujitolea huwabeba watoto wa miaka 8 hadi 17 katika ndege zao wenyewe, kwa mafuta yao, bila malipo. Wamekwisha kuwabeba zaidi ya milioni mbili. Safari ni fupi, na baada yake mtoto hupata kozi ya nadharia ya urubani ya bure kwenye intaneti. Ningeanza na huo kwa mtoto mwenye hofu ya kupanda ndege ndogo au ambaye bado hajafikisha 12. Kwa malezi ya miaka mingi, hata hivyo, hauwezi kulingana na kikosi cha kadeti, ambacho humpeleka kijana mwenye bidii kwenye kambi za wiki nzima, kwenye vyuo vya majira ya joto vya kurusha ndege, na kwa wachache wanaochaguliwa, kwenye ufadhili wa masomo hadi leseni.

Kabla ya kulipa ada, mpeleke mtoto kwenye mikutano michache kama mgeni, na wewe ubaki naye. Muulize kamanda wa kikosi ndege iliyo karibu inakaa kiwanja gani, marubani wangapi wameidhinishwa kubeba kadeti, na safari ya mwisho ya vijana wake ilikuwa lini. Vikosi hutofautiana sana, na majibu ya maswali hayo yatakuonyesha kama ujiunge na hicho au utafute kingine katika mji wa jirani.