Vizuia matope vya kampavani: nunua jozi ya mbele kwanza

Kokoto nyingi zinazobandua rangi ya kampavani (vani yenye makazi ndani) hurushwa na tairi za mbele za gari hilohilo. Hupiga ukingo wa chini wa milango na ubavu ulio mbele ya gurudumu la nyuma. Rangi hutoka vidoa vidogo visivyoonekana kwa mbali, tope lenye chumvi hukaa humo, na kutu huanza. Ndiyo maana mwenye fedha ya jozi moja tu ya vizuia matope, yaani vipande vinavyoning'inia nyuma ya tairi, anunue ya mbele. Jozi ya nyuma hulinda bampa, tangi la maji machafu na baiskeli zilizofungwa nyuma, nayo inaweza kusubiri.

Vya plastiki ngumu, vilivyoundwa kwa modeli maalumu, ndivyo bora kwa mbele. Hukaa sawasawa na mkunjo wa bodi, na mara nyingi hutumia matundu na skrubu zilizopo tayari. Vya Fiat Ducato ya kuanzia 2006, pamoja na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper, hupatikana kwa urahisi. Tatizo ni nyuma: seti nyingi zimepimwa kwa vani ya mizigo yenye bodi ya bati ya kiwandani. Kampavani iliyojengewa nyumba pana juu ya chasisi ina mabawa (bodi inayozunguka gurudumu) tofauti kabisa, na hapo kipande hicho hakina pa kushika. Kwa gari kama hilo, kata mwenyewe kipande bapa cha mpira. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Mwembamba zaidi hupeperushwa na upepo barabara kuu na kuziacha kokoto zipite.

Kufunga vya mbele hakuhitaji kung'oa gurudumu. Zungusha usukani hadi mwisho, osha tao la gurudumu, likaushe, kisha fungua skrubu za plastiki ya ndani. Shikiza kizuizi kwa skrubu zote bila kukaza, kiweke sawa, ndipo ukaze kwa bisibisi ya mkono. Drili ya kukazia huharibu klipu za plastiki kwa sekunde moja. Nyuma utahitaji nafasi zaidi. Ukiinua gari, liweke juu ya stendi, usilitegemee jeki pekee.

Ikibidi kutoboa, kwanza chungulia upande wa pili: waya wa sensa ya breki, mpira wa breki na bomba la kujazia mafuta hupita karibu na matao. Anza na keekee ya milimita 3 kabla ya kupanua tundu. Safisha chenga zote za chuma, paka praima (rangi ya msingi) ya zinki kwenye kingo za tundu, iache ikauke, kisha weka nta ya kuzuia kutu. Anayeruka hatua hii amenunua kinga ya rangi na kutengeneza kutu kwa mkono wake. Kwa mpira bapa, usitoboe karibu na ukingo, na weka ubapa wa alumini wa upana wa sentimita 2 au 3 chini ya vichwa vya skrubu. La sivyo mpira huchanika kwenye matundu.

Kasoro kubwa ya vya plastiki haitajwi kwenye maelekezo mengi. Mchanga huingia kati ya ukingo wao na bodi, gari linatetemeka, na ukingo unafanya kazi ya msasa. Kabla ya kufunga, bandika utepe wa filamu angavu ya kulinda rangi pale plastiki inapogusa bodi, uzidi ukingo kidogo kila upande. Ni nyongeza ndogo, na bila hiyo nisingeipendekeza bidhaa hii.

Pima urefu wa kizuizi gari likiwa limejaa mizigo, maana uzito hulishusha: lita 100 za maji pekee ni kilo 100. Acha angalau sentimita 10 kutoka ardhini, na zaidi ukipita njia mbovu. Zungusha usukani pande zote mbili. Tairi isikaribie kizuizi kwa chini ya sentimita 2. Adui mwingine ni kurudi nyuma kutoka kwenye kabari za kusawazishia gari kambini, maana ncha ya chini hunaswa, hukunjwa chini ya tairi na kung'olewa. Mpira huvumilia hilo kuliko plastiki, ambayo kwenye baridi kali hupasuka.

Baada ya kilomita mia chache, kaza tena skrubu zote, na kila uoshapo gari elekeza maji nyuma ya kizuizi hadi mchanga utoke.